Kabla hujanunua mkono wa maiki, kainame chini ya meza yako

Kila anayeanza kurekodi nyumbani, akishapata maiki tu swali linalofuata ni lilelile, "ninunue mkono gani?", yaani ile fimbo ya chuma yenye viungo inayofungwa mezani na kuning'iniza maiki mbele ya mdomo, na mimi kila nikiulizwa najibu kwa swali, meza yako ikoje? Watu wanadhani nawazungusha. Mtu kakutumia picha za mikono kutoka mtandaoni, hii nyeusi, hii ina taa, hii bei chee, anataka umchagulie moja aende zake, halafu wewe unamwambia kainame chini ya meza upige picha huko uniletee. Lakini kiukweli mkono wa maiki peke yake hauna uzuri wala ubaya mwingi kiasi hicho. Nusu ya kazi inafanywa na meza iliyoushikilia, nusu nyingine inategemea uzito wa kitu ulichokining'iniza mbele, na mkono wenyewe uko hapo katikati unasubiri mmoja wao auaibishe.

Mimi kazi yangu ni sauti. Nasoma matangazo, nasoma masomo ya mtandaoni ya watu, na nina podikasti yangu ndogo, yote haya chumba kimoja Tabata, Dar es Salaam, chenye mapazia mazito na pangaboi ambalo nikirekodi lazima nilizime, kwa hiyo nachemka humo ndani kama kawaida. Ukikaa mbele ya maiki muda mrefu ndo utaelewa mkono ni wa nini, maana wengi wanadhani ni mapambo, ni ile picha ya mtangazaji wa redio kwenye video.

Iko hivi. Ile stendi fupi ya mezani inayokuja na maiki inakulazimisha wewe uifuate maiki. Unakunja mgongo, unasogeza shingo mbele, dakika za mwanzo uko sawa, baadaye mgongo unachoka unaegemea kiti bila hata kujua, mdomo ushaenda mbali. Ukitoka sentimita 10 ukafika 20, sauti yako inayoingia kwenye maiki inashuka kama desibeli 6, na sio hiyo tu, ile besi nzuri inayojaa ukiwa karibu nayo inakimbia. Sasa ukija kuediti unapandisha ile sehemu iliyoshuka, na ukipandisha sauti yako umepandisha na bodaboda, na jogoo wa jirani, na mwangwi wa chumba, vyote kwa pamoja. Unasikiliza kazi yako, aya ya kwanza na ya sita utadhani wamesoma watu wawili. Mkono unamaliza huo ugomvi kwa sababu maiki ndo inakuja ulipo, wewe unakaa unavyokaa siku zote, na ukihama kidogo unaivuta inakufuata. Halafu kuna kibodi na mausi, stendi ikiwa juu ya meza kila unapobonyeza kitu maiki inasikia kupitia miguu yake. Mkono nao unapitisha mtikisiko, tutafika huko, ila angalau maiki haijakaa pua kwa pua na kibodi.

Haya, meza.

Meza zetu nyingi hazikutengenezwa na mtu aliyewahi kufikiria klampu, kile kibanio cha skrubu kinachoshikisha mkono kwenye ukingo wa meza. Meza za kwenye video za Wazungu ni ubao mmoja mnene, miguu minne, chini ya ukingo patupu, unafungua klampu unaiingiza unakaza basi. Sasa chukua meza ya fundi wa Keko, mbao ngumu, nzito, imara mpaka raha, inama uangalie chini. Ubao wa juu una unene wa kawaida tu, lakini umekalia fremu, mbao nne zimezunguka chini yake kufunga miguu, na mafundi wengi hiyo fremu wanaileta mpaka karibu kabisa na ukingo. Kwahiyo klampu ikija, taya la juu linakaa vizuri juu ya meza, taya la chini linatafuta pa kushika linakutana na ubao uliosimama wima. Ama ubao wa juu umetokeza sentimita mbili tu na klampu inataka tano, inashika kwa ncha ya meno, ukivuta mkono mbele inachomoka, ama unajaribu kukumbatia ubao pamoja na fremu yake, hapo unakuta unene wa sentimita 8 au 10 na klampu nyingi za hii mikono hazifunguki hivyo. Nyingi mwisho wake ni sentimita 5 na ushee hivi, chache zinazidi.

Ndo maana nasema kainame. Pima vitu viwili kwa rula: unene wa ubao wa juu, na ubao umetokeza kiasi gani kabla ya kukutana na fremu au droo. Droo ni adui mwingine, maana unaweza ukawa na nafasi nzuri tu ila ukikaza klampu lile skrubu lake la chini linaziba droo isifunguke.

Meza yangu ilikuwa ya fremu hiyohiyo, na sikutaka kuitoboa. Nikamuita fundi anayefanyia kazi zake jirani hapo mtaani, nikamuonyesha nyuma ya meza, nikamwambia fundi nataka kipande cha mbao kitokeze hapa kama kidole, kipana cha kushika klampu.

"Cha kuning'iniza nini, bosi?"

"Maiki."

Akaniangalia. "Unafungua kanisa?"

Akacheka mwenyewe, akachukua vipimo kwa kiganja, baadaye akarudi na kipande cha mninga, mabaki ya kitanda cha mtu, kakifunga kwenye fremu kwa bolti mbili zilizopita upande wa pili na nati na washa, akakikalia. Kweli alikikalia, mtu mzima, akanyanyua miguu kabisa. "Hapa hata mnyororo wa ng'ombe funga." Mpaka leo mkono wangu umeshika hapo na ubao wa meza hauna hata kovu. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko adapta na waya nilizonunua baadaye, nawaambia ukweli.

Hiyo nguvu sio fundi anajisifu tu, inahitajika. Watu wanaona maiki gramu mia nane wanasema aa, kitu gani hicho, lakini fikiria maiki ya gramu 800 ikiwa imenyooshwa sentimita 80 kutoka kwenye klampu, na klampu imeshika sentimita 5 za ubao. Mahesabu ya mwenzo, 800 mara 80 gawanya kwa 5, unapata kama kilo 12 na ushee zinakandamiza na kung'oa huo ukingo, na bado hujaweka uzito wa mkono wenyewe. Mninga hausikii. Lakini zile meza za MDF au chipuboodi, yaani unga na vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi, zilizopakwa karatasi ya rangi ya mbao, zile unanunua kwenye boksi unaunga mwenyewe, ukingo wake unapondeka taratibu, kwanza inabaki alama, halafu alama inakuwa shimo, halafu siku moja karatasi inainuka. Ukiwa na meza ya hivyo weka kibati au kipande cha plaiwudi juu na chini ya ubao kabla hujabana klampu, uzito utawanyike. Na wenye meza ya kioo, jamani hapana. Hata iwe kioo kinene, hata muuzaji aape. Klampu inakandamiza sehemu moja ndogo na mkono unatikisa kila siku, usijaribu.

Mikono mingi inakuja pia na kitako kingine cha kufunga moja kwa moja juu ya meza, ama kwa skrubu ama kwa kutoboa tundu linalopitisha bolti mpaka chini. Kama meza ni yako na umeamua hapo ndo studio milele, hii njia ni tamu kuliko klampu, mkono unasimama imara na unauweka unapotaka, sio lazima ukingoni. Mimi meza yangu niliogopa drili kwa sababu tu naipenda, sina sababu nyingine.

Kitu cha mwisho kuhusu meza, na hiki wengi hawakioni mpaka mkono ufike nyumbani: ukuta. Mkono wa springi una kiwiko. Ukiusukuma maiki irudi nyuma, kile kiwiko kinatoka kuelekea nyuma ya meza, na kama meza imegusa ukuta kitachuna rangi au kitagoma kabisa usiweze kukunja. Weka nafasi, au funga klampu pembeni kushoto au kulia badala ya nyuma katikati. Mimi naipenda kushoto, mkono unakuja kwa ubavu, mbele yangu karatasi na skrini vinabaki wazi.

Sasa uzito, na hapa ndo patamu.

Watu wote wanauliza "inabeba mpaka kilo ngapi?" na hakuna anayeuliza "inaanzia gramu ngapi?" Mkono wa springi una kiwango cha juu na una kiwango cha chini. Asili yake ni ya taa, sio redio. Mwaka 1932 injinia mmoja Mwingereza anaitwa George Carwardine, mtu wa mifumo ya springi za magari huko Bath, alibuni namna ya kupanga springi na vyuma ili kitu kilichoko mwishoni kibaki popote utakapokiweka bila kukaza chochote, ikatoka taa ya mezani ya Anglepoise, baadaye Mnorwei Jac Jacobsen akaja na ya kwake ya Luxo mwaka 1937, na mikono ya redio ikafuata akili ileile. Yaani springi inavuta juu kwa nguvu sawasawa na uzito unaovuta chini, vikilingana kitu kinaganda hewani. Hilo neno sawasawa ndo lenye shida. Ikiwa springi ina nguvu kuliko maiki yako, maiki inapanda. Unaiweka mdomoni, unaachia, inaenda zake juu polepole inaangalia pangaboi.

Mfano halisi, Rode PSA1, mkono ambao umezagaa studio nyingi za nyumbani duniani, watengenezaji wenyewe waliandika unabeba kuanzia gramu 700 mpaka kilo 1.1. Soma tena, kuanzia 700. Sasa chukua Shure SM58, maiki ya kila kanisa na kila harusi, ile orijino ina gramu 298. Blue Yeti ukiitoa kwenye stendi yake ni 550. Hizo zote ziko chini ya sakafu ya huo mkono. Upande wa pili SM7B ya Shure ina gramu 765, Electro-Voice RE20 ina 737, PodMic ya Rode ndo nzito kabisa, 937, ndogo hivyo lakini chuma kitupu, hizo zinakaa humo kama zimezaliwa humo. Toleo lililofuata, PSA1+, wakashusha kiwango cha chini mpaka gramu 94 na cha juu kikawa kilo 1.2, na ukiniuliza mimi badiliko lile ndo la maana kuliko ile nguo waliyovisha springi, japo watu wameisifia nguo.

Mikono mingine ina nati za kipepeo kwenye maungio, ukikaza unaongeza msuguano, kwahiyo hata uzito usipolingana vizuri unaganda kwa nguvu ya kukaza. Inasaidia, ila ukishakaza sana ule utamu wa kuvuta na kusukuma kwa kidole umekwisha, kila ukitaka kusogeza unalegeza unakaza unalegeza, na hizo nati za plastiki zinachoka mapema. Kama maiki yako ni nyepesi na mkono una nguvu, afadhali ongeza uzito mbele. Jamaa yangu anayetengeneza podikasti ya mpira alikuwa na tatizo hilo, maiki yake inamkimbia katikati ya mahojiano, mgeni anaongea huku anainua kidevu taratibu anaifuata maiki hewani, wote studio tunabana kicheko. Tukafunga nati kubwa za chuma, zile za gereji, pale shingoni mwa maiki, tukazungushia mkanda mweusi wa umeme. Inatisha kwa macho, kwenye kamera haionekani, na maiki imetulia.

Kwahiyo hatua ya pili baada ya kuinama ni mizani. Mizani ya jikoni, ya kupimia unga, inatosha kabisa. Lakini usipime maiki peke yake. Pima maiki na kile kikapu chake cha mipira, shoki maunti, maana kuna vikapu vya chuma vinavyofika gramu 200 na zaidi, pima na popu filta, kile kitambaa cha kuzuia pumzi mbele ya maiki, kama inaning'inia hapohapo, na kipande cha waya kinachovuta chini. Jumla ya hivyo vyote ndo uzito wako. Ukishaijua namba hiyo unaingia dukani kifua mbele.

Maana dukani, aisee. Nilienda Kariakoo, maduka ya mtaa wa Aggrey na jirani zake, nikamuuliza kijana wa duka mkono huu unaanzia uzito gani, akanijibu "kaka hii inabeba maiki yoyote duniani." Nikamwambia basi naomba tuifunge hapo kwenye kaunta. Akafikiri natania. Nikatoa maiki yangu kwenye begi, ndio nilikwenda nayo, tukafunga, tukaivuta mpaka mwisho, tukaachia. Ikashuka yenyewe kama inasujudu. Kijana akasema "hii inabidi ikazwe bro." Tukakaza. Ikashuka polepole zaidi. Hapo hakuna aliyemtukana mwenzie, akaleta nyingine yenye chuma kinene, ikakaa. Sasa hapo ningeamini boksi ningerudi nyumbani na kitu kingine kabisa. Nenda na maiki yako. Ukiagiza mtandaoni huwezi kujaribu hivyo, basi angalau soma namba zote mbili, ya chini na ya juu, na kama muuzaji ameandika ya juu tu, muulize, na kama hajui, ongeza shaka.

Vitu vingine vya kuangalia ukiwa hapo kaunta: toa mkono kwenye boksi, ushike klampu, uutikise mwisho wake. Ukicheza kushoto kulia pale kwenye shimo la klampu, kule mwisho utacheza mara kumi. Halafu ugonge kwa kucha. Ile mikono myembamba yenye springi nje wazi inalia ting, na hiyo ting inaendelea kidogo baada ya kidole kuondoka. Ukiwa unarekodi na ukaisogeza maiki katikati ya sentensi, au meza ikaguswa, ting inaingia kwenye kazi yako na kuitoa kwenye kuediti ni adhabu. Dawa yake ni rahisi na haina gharama, kata vipande vyembamba vya sponji, hata ya kuoshea vyombo, uvisokomeze ndani ya springi kwa urefu wake, mlio unakufa. Mikono yenye springi zilizofichwa ndani ya chuma iko kimya zaidi na ni mizuri kwa macho, ila ikilegea ndani huwezi kuona wala kugusa, na bei yake unaijua.

Kuna aina ya tatu inayopita chini, mikono ya kulala, ile waliyoitoa kampuni ya Elgato mwaka 2021 ndo iliyosababisha watu wengi waijue. Haina springi za kunyanyua, inazunguka kwa usawa wa meza, inapita chini ya skrini na kuinua maiki kidogo mwishoni. Kwa wanaopiga video ni raha, uso hauzibwi, na kwa kuwa haitegemei springi ule ugomvi wa gramu za chini haupo. Kwa mimi ninayesoma karatasi na kubadilisha mkao haikunifaa, sehemu kubwa ya mkono inakaa palepale nilipoweka daftari na kikombe. Kama wewe unakaa mkao mmoja, mbele ya kamera, hiyo ingia tu. Huko Marekani ilipotoka iliuzwa kwenye dola 100 hivi, na PSA1+ ilipita hapo kidogo, kabla ya usafiri na ushuru, kwahiyo ikifika hapa ujue imeshakula posho ya watu wengi njiani.

Skrubu sasa. Hapa nitapita haraka ila ni pale ambapo watu wanakwama saa tano usiku. Upande wa maiki dunia ina saizi mbili, inchi 3/8 na inchi 5/8. Ulaya wamezoea ya kwanza, Marekani ya pili, sisi tunapata zote kutegemea kontena limetoka wapi. Kamera na vishikio vya simu ni robo inchi, usichanganye. Adapta ni kale kapete ka shaba au chuma kenye meno ndani na nje, kadogo kama kifungo, kanapotea kirahisi, nunua viwili vitatu na uchague vya chuma, vile vya plastiki meno yanaliwa na siku moja maiki yako ya mkopo inashuka mezani kichwa kwanza. Angalia kwanza ndani ya kishikio cha maiki yako, mara nyingi adapta imeshafungwa humo tayari, ina mkato juu wa kuingiza sarafu au bisibisi bapa. Watu wananunua nyingine na ile iko humo humo.

Tuje kwenye mtikisiko. Mkono umeshika meza, kwahiyo chochote kinachoitikisa meza kinapanda mpaka kwenye maiki. Vaa hedifoni, fungua rekodi, halafu gonga meza kwa kidole, weka kikombe chini, andika kwenye kibodi, chezesha goti maana goti ndo mchawi mkubwa. Utashangaa unachosikia. Dum dum za chini chini ambazo kwenye spika ya simu huzisikii ila mteja mwenye spika za maana anazisikia zote. Hapo shoki maunti inafanya kazi yake, mipira inakata sehemu kubwa, na kipande cha mpira, hata cha tairi la ndani la baiskeli, kati ya taya za klampu na mbao kinapunguza na pia kinalinda meza. Kibodi iweke juu ya kitambaa kinene. Kwenye programu kuna kichujio cha kukata sauti nzito zilizo chini ya hezi 80 au hivyo, kwa sauti ya kuongea hukosi kitu cha maana hapo. Lakini mwangwi wa chumba mkono hauutibu, nasema kwa sababu kuna mtu kaniandikia amenunua mkono wa bei na sauti bado ya bafuni. Chumba chake ni vigae chini na kuta tupu, mkono ungefanyaje?

Waya nao una adabu yake. Ufunge kwenye mkono kwa vile vibanio vya velkro, vile vya plastiki vya kukaza mara moja achana navyo maana ukitaka kubadilisha waya unaanza kutafuta wembe. Kwenye kila ungio acha waya uwe na kitanzi kidogo kilicholegea, kwa sababu mkono ukinyooka pale ungio linafunguka na waya unahitaji urefu, usipouacha utavuta plagi ya XLR, ile ya maiki yenye pini tatu, mpaka ianze kukoroma. Nilivyofunga wangu nilinyoosha mkono mpaka mwisho wake kabisa, nikafunga waya hapo, halafu nikaukunja nione kitanzi kinapoangukia. Kama maiki yako ni ya USB hesabu mapema, waya wa kawaida wa USB 2.0 mwisho wake ni mita 5, na mkono unakula karibu mita 2 kabla hata haujaanza kuelekea kwenye kompyuta, halafu kompyuta imekaa chini ya meza upande mwingine.

Tunaoishi pwani tuna la ziada, kutu. Springi za nje zisizopakwa vizuri zinashika vumbi jekundu pale kwenye ndoano zake, ndo mwanzo wa kulia kwii ukisogeza. Tone la mafuta ya cherehani kwenye kila ndoano na kitambaa kufuta, imetosha, usimwage, yatadondoka kwenye karatasi zako. Na kabla hujalegeza springi kuifanyia usafi itabidi utoe maiki, ila usiitoe ovyo.  Maiki ikitoka hujaushikilia mkono na springi bado ziko hai, mkono unaruka juu kwa nguvu zote, nimeona taa ya dari ikivunjwa hivyo. Ushushe chini kwanza, uukunje, ushikilie, ndo utoe maiki, halafu uachie taratibu mpaka usimame wenyewe.

Bei sitaiongelea sana maana ikiandikwa leo kesho imebadilika. Nitasema tu mpango wangu: kwa mwenye maiki nyepesi na bajeti ndogo, mkono mwembamba wa springi nje, wa familia ile ya Neewer NB-35 na ndugu zake wasio na majina, ukitiwa sponji unafanya kazi ya heshima, na pesa iliyobaki weka mapazia. Kwa mwenye maiki ya kilo na kazi za kulipwa, usibane hapo, tafuta chuma kinene na klampu pana. Mitumba ipo, vijana wanaanza podikasti wanaacha, mkono uliotumika miezi michache ni uleule, kagua tu meno ya skrubu ya klampu na kama springi hazijavutika zikabaki na mianya isiyo sawa.

Na kama umeinama chini ya meza ukakuta kioo, au droo mpaka ukingoni, au meza ni ya sebuleni ambapo watoto wanafanyia homuwaki na jioni lazima kila kitu kiondoke, basi acha habari za mkono wa mezani. Chukua stendi ya sakafuni ya miguu mitatu yenye mkono wa kulala, zile za kwaya, zimejaa madukani na mafundi wa muziki wanaziuza zilizotumika. Haigusi meza kwahiyo goti lako na kibodi havina njia ya kupanda. Mguu mmoja kati ya ile mitatu uelekeze upande ule maiki ilipo, la sivyo itakuangukia, na kama maiki ni nzito ning'iniza chupa ya maji ya lita moja na nusu upande wa nyuma wa ule mkono, unasogeza chupa mbele na nyuma mpaka ilingane, ukimaliza kurekodi unakunja unaisimamisha nyuma ya mlango na maji unakunywa.